Land Rover Inapovuja Oili

Madereva wa zamani wana mzaha mmoja: Land Rover ikivuja oili usiwe na wasiwasi, bali ikiacha kuvuja ndipo ushtuke, maana oili imekwisha. Mzaha huu nimeusikia katika kila gereji niliyofanya kazi tangu nilipotoka shuleni, hapa Uganda na ng'ambo ya mpaka pia. Watu hucheka, kisha hupanda motokaa na kwenda zao. Lakini mzaha huo umeharibu injini nyingi. Mtu akiisha kuzoea kuona doa jeusi chini ya motokaa yake kila asubuhi, hatazami tena kama doa limeongezeka, wala hajui limetoka wapi.

Kwa hiyo napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu, ninyi mlioko madarasani na ndugu zangu tuliomaliza zamani, jinsi fundi anavyotafuta mahali oili inapotokea, na jinsi ya kupaziba. Mfano wangu ni Land Rover zile za zamani zenye injini ya petroli ya silinda nne, ya sentimita za ujazo 2,286. Injini hiyo ilianza kutiwa katika Series II mwaka 1958, ikaendelea katika Series IIA tangu 1961, na katika Series III tangu 1971 hadi 1985. Nimeichagua kwa sababu sehemu zake zaonekana wazi ukifungua boneti, na mtu aweza kuingiza mikono yake miwili bila kujikuna. Mwenye motokaa kuukuu ya aina nyingine atafaidika vilevile, maana kanuni ni zile zile.

Safari ya oili ndani ya injini

Oili hukaa chini kabisa ya injini, katika bakuli la chuma liitwalo sampu. Sampu ya injini hii huchukua lita 6, na filta huchukua karibu lita moja zaidi. Pampu huivuta oili kutoka hapo na kuisukuma katika filta, kisha katika njia nyembamba zilizotobolewa ndani ya chuma, mpaka kwenye beringi za krankishafti na juu kwenye vali. Ikiisha kufanya kazi yake huteremka yenyewe kwa uzito wake na kurudi katika sampu. Injini ikiwa imepata moto, na motokaa ikienda maili 30 kwa saa, yaani kilometa 50 hivi, presha ya oili yapasa kuwa kati ya paundi 35 na 65 kwa kila inchi mraba.

Kutokana na safari hiyo twapata namna mbili za kuvuja, na sharti tuzitofautishe kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Namna ya kwanza ni kuvuja mahali penye presha: kwenye filta, kwenye swichi ya presha ambayo huwasha taa ya onyo, na kwenye viungo vya mabomba ya oili. Pampu ikipata upenyo hapo hutema oili nje kwa nguvu, na sampu yaweza kukauka katika safari moja fupi. Ukiona oili nyingi mpya upande wa filta, au taa ya onyo ikiwaka njiani, zima injini mara moja. Usiseme, "Nitafika tu pale mbele." Beringi zikikosa oili huungua kwa muda mfupi sana, na krankishafti huharibika pamoja nazo.

Namna ya pili ni kuvuja mahali ambapo oili hurushwa tu au hupita ikirudi chini: kwenye kifuniko cha juu cha vali, ambacho mafundi hukiita tapeti kava, kwenye vifuniko vya ubavuni, kwenye sampu, na kwenye sili za mbele na za nyuma za krankishafti. Hapo oili hutoka polepole. Haitaua injini leo, lakini yaweza kuiua mwezi ujao kama hupimi. Fanyeni hesabu ndogo. Tukikadiria kwamba matone 20 ni mililita moja, tone moja kwa kila dakika ni matone 1,440 kwa siku, yaani mililita 72. Baada ya siku 14 umepoteza lita nzima. Mtu aonaye tone moja kwa dakika hudhani si kitu.

Tena oili iliyotoka nje ina madhara mengine. Ikidondokea bomba la moshi lililo moto hutoa moshi, na yaweza kuwaka. Ikiingia kwenye klachi, klachi huteleza na motokaa hushindwa mlima. Ikikaa siku nyingi juu ya mipira ya injini na mabomba ya mpira, huyalainisha mpaka yakaoza.

Je, ni oili ya injini kweli?

Kabla ya kuilaumu injini, hakikisha kwamba kinachodondoka ni chake. Motokaa ina vimiminika vingi. Chukua kitambaa cheupe, gusa tone, tazama rangi, sugua kati ya vidole, kisha nusa. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi au ya kahawia, nayo ina harufu ya kitu kilichoungua kidogo. Oili ya giaboksi ni nzito zaidi, nayo hunuka kama kiberiti. Mafuta ya breki ni mepesi, hayana weusi mwingi, na yakigusa rangi ya motokaa huibabua. Hayo ukiyaona usitafute injini, bali tengeneza breki kabla ya kuondoka hapo.

Katika Land Rover jambo hili ni muhimu sana, maana giaboksi yake, diferensha zake, na hata boksi la usukani, zote hutumia oili nzito, na zote huweza kuvuja. Breki ya mkono ya motokaa hizi imefungwa nyuma ya giaboksi, siyo kwenye magurudumu. Sili iliyo karibu nayo ikifa, oili ya gia huingia katika breki, na motokaa yaweza kuserereka mlimani hali mwenyewe anashughulika na injini isiyo na kosa.

Osha kwanza, amua baadaye

Sasa nafika kwenye jambo kubwa la makala hii. Oili huteremka, na upepo wa safari huisukuma nyuma. Kwa hiyo mahali inapodondoka karibu kila mara ni chini na nyuma ya mahali inapotokea. Tone unaloliona chini ya klachi huenda limesafiri kutoka juu kabisa ya injini. Fundi anayetazama tone peke yake na kutaja ugonjwa ni kama daktari anayemtazama mgonjwa mlangoni na kuandika dawa.

Huku kwetu barabara nyingi ni za vumbi jekundu, na vumbi hunata penye oili mpaka injini nzima ikawa na koti la matope makavu. Chini ya koti hilo hapaonekani kitu. Basi osha hivi:

Ngoja injini ipoe kabisa. Funika kabureta, koili na distribyuta kwa mifuko ya plastiki. Kwangua matope kwa kijiti cha mti, kisha sugua kwa brashi iliyochovywa katika mafuta ya taa. Usitumie petroli, maana mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo tu. Panguza kwa matambara hadi chuma kionekane, uache kikauke. Maji machafu na oili usivimwage mtaroni. Vikinge katika debe.

Kisha pima oili kwa kijiti chake, motokaa ikiwa mahali tambarare. Isiwe chini ya alama ya chini, wala isizidi alama ya juu. Wako watu wanaojaza kupita kiasi wakidhani wanaisaidia injini inayovuja. Oili ikizidi, krankishafti huipiga na kuirusha, nayo huelekea kwenye sili. Hivyo huvuja zaidi.

Baada ya hapo washa injini, uiache ikae moto dakika kumi, ukitazama kwa tochi kutoka juu kwenda chini, na kutoka mbele kwenda nyuma. Usipoona kitu, nyunyiza poda ya mtoto mahali unapopashuku, ukae mbali na feni. Endesha kama kilometa 15, rudi, tandaza katoni safi chini ya motokaa na uangalie tena. Mahali pa juu kabisa palipolowa ndipo chanzo. Ziba hapo kwanza, osha tena, kisha utazame kama pana pengine. Usizibe mahali pawili kwa wakati mmoja kabla ya kujua, maana hutapata kufahamu ni kipi kilichokuponya.

Ukitaka kuingia uvunguni, weka motokaa juu ya stendi imara, tia magurudumu vizuizi, wala usitegemee jeki peke yake. Nawaomba vijana mlishike neno hili kuliko yote mengine. Jeki hushuka bila kupiga hodi.

Land Rover ya Mwalimu

Nitatoa mfano mmoja. Miaka michache iliyopita mzee mmoja, mwalimu aliyestaafu, aliniletea Land Rover yake ya Series III. Gereji moja mjini ilikuwa imemwambia kwamba sili ya nyuma ya injini imekufa, na kwamba hapana budi giaboksi iteremshwe. Katika Land Rover kazi hiyo ni kubwa: hung'olewa viti, boksi la viti na sakafu, ndipo giaboksi itoke, kisha klachi, flaiwili na ganda lake, na sampu nayo, kabla hujaifikia sili. Gharama aliyotajiwa ilizidi pensheni yake ya miezi mitatu. Alikuwa amekwisha kumpata mnunuzi, ingawa motokaa ile ndiyo iliyompelekea ndizi zake sokoni.

"Mwanangu," aliniambia, "kama ni kweli niambie, niiuze kabla haijanifilisi."

"Mwalimu," nikamjibu, "nipe siku moja niioshe. Kwa sasa naona matope tu."

Sababu ya wale wa gereji ilikuwa moja: oili ilidondoka chini ya ganda la klachi. Hapo chini pana tundu dogo, limewekwa makusudi ili oili ikiingia itoke nje isiharibu klachi. Lina skrubu yake ya kuziba, ambayo hutiwa wakati wa kuvuka mto tu, kisha hutolewa. Oili ikitoka ndani ya tundu hilo, yaweza kuwa ya sili ya nyuma ya injini, au ya sili ya mbele ya giaboksi. Harufu ndiyo itakayosema ni ipi.

Tuliosha, tukaendesha, tukatazama. Ndani ya tundu palikuwa na unyevu kidogo tu. Lakini nje ya ganda palikuwa na mfereji mpya wa oili, nao ulipanda juu kwa nyuma ya injini mpaka kwenye kona ya tapeti kava. Gasketi ya kifuniko hicho ilikuwa imekauka na kukatika. Oili ilitoka hapo juu, ikateremka mgongoni mwa injini, ikapita juu ya ganda, ikadondoka karibu kabisa na lile tundu. Mtu aliyetazama kwa chini tu angeapa kwamba inatoka ndani.

Injini nayo hupumua

Hatukubadilisha gasketi mara moja. Kwanza tulitazama njia ya kupumulia, na hapa mafundi wengi huruka.

Pistoni inaposukumwa na moto wa petroli, hewa kidogo hupenya kando ya ringi na kuingia chini katika sampu. Hata injini mpya hufanya hivyo. Hewa hiyo sharti itoke, na kwa ajili yake injini imewekewa mahali pa kupumulia penye wavu wa waya. Wavu ukiziba kwa uchafu, hewa hukosa njia, presha huongezeka ndani, na oili husukumwa nje popote palipo dhaifu. Ukitia gasketi mpya juu ya injini iliyozibwa pumzi, itavuja tena.

Dawa yake ni rahisi: fungua, osha wavu kwa mafuta ya taa mpaka uone mwanga ng'ambo, kausha, rudisha. Kisha washa injini, fungua kifuniko cha kutilia oili, utazame. Moshi kidogo ni kawaida. Lakini ukitoka kwa nguvu, mfululizo, hali njia ya kupumulia ni safi, basi ringi au silinda zimelika. Hapo sili na gasketi mpya hazitasaidia kwa muda mrefu, na ni afadhali mwenye motokaa aambiwe ukweli huo mapema kabla hajanunua vipuri.

Wavu wa Mwalimu ulikuwa umeziba kabisa. Tuliusafisha, na injini ikapumua vizuri.

Kubadilisha gasketi ya tapeti kava

Kifuniko hiki kimeshikwa na nati tatu tu. Vifungue, kiinue taratibu, ukwangue gasketi ya zamani yote pande zote mbili, bila kuangusha vipande ndani. Weka kifuniko juu ya ubao ulionyooka uone kama ukingo wake umepinda. Mara nyingi umepinda, kwa sababu mtu alikaza nati kwa nguvu ili kuzuia kuvuja. Nyoosha kwa nyundo ndogo juu ya ubao huo.

Gasketi yake ni ya gome laini, aina ile ya vizibo vya chupa za divai. Paka gundi ya gasketi upande wa kifuniko peke yake, uiache ishike, na upande wa chini uuache mkavu, ili siku nyingine kifuniko kifunguke bila kuipasua. Tazama pia wosha zilizo chini ya zile nati tatu. Zikiwa zimekauka, oili itapita hapo. Kisha kaza nati ya katikati kidogo, halafu za pembeni, ukirudia kidogo kidogo hadi gasketi ibane. Ukizidisha, gome hutoka nje na kukatika, nawe utakuwa umerudi ulikoanza.

Sehemu nyinginezo kwa ufupi

Filta: ile ya kopo la chuma ina ringi ya mpira katika mfereji wake wa juu. Mpira wa zamani hunata humo usionekane, na mtu hutia mpya juu yake. Ringi mbili haziketi sawa, na hapo ni mahali penye presha. Toa ya zamani kwa kijiti, hesabu kwamba umetoa moja na umetia moja, kisha washa injini utazame kabla ya kwenda popote.

Bolti ya kumwagia oili: badilisha wosha yake. Usiikaze kwa bomba refu juu ya spana, utaharibu meno ya sampu.

Sampu: kaza bolti zake kwa usawa, bila kutumia nguvu nyingi. Zikiwa zimekazwa na bado yavuja, gasketi ibadilishwe.

Sili ya mbele: iko nyuma ya puli ya krankishafti. Ikifa, puli hurusha oili mduara mzima mbele ya injini. Ukitoa puli, pitisha ukucha mahali sili inapogusa. Ukikuta mfereji, sili mpya peke yake haitadumu.

Sili ya nyuma: hii ndiyo ya mwisho kufikiriwa. Ukilazimika kuifikia, vumbi la klachi ya zamani usilipulize, kwa kuwa laweza kuwa na asbestosi inayodhuru mapafu. Lipanguze kwa kitambaa chenye maji.

Oili nzito kupita ile iliyoagizwa, na zile dawa za chupa za kuzuia kuvuja, hupunguza matone kwa muda tu. Oili nzito huchelewa kufika juu injini inapowashwa asubuhi. Gasketi iliyokatika haishonwi na dawa yoyote.

Baada ya wiki moja Mwalimu alirudi. Katoni iliyolala chini ya motokaa yake usiku ilikuwa na matone mawili matatu tu, na hayo kwa kweli yalitoka katika tundu la klachi. Sili ya nyuma ilikuwa imechakaa kidogo, lakini si kwa kiasi cha kuteremshiwa giaboksi. Tulikubaliana kuiacha mpaka siku klachi itakapohitaji kubadilishwa, ili kazi mbili zifanywe kwa gharama ya moja. Alilipia gasketi, gundi, na kazi ya siku moja. Mnunuzi aliambiwa motokaa haiuzwi.

Nilimpa daftari dogo aliweke ndani ya motokaa. Kila Jumamosi asubuhi hupima oili kabla ya kuwasha injini, akaandika tarehe, kilometa, na kiasi alichoongeza. Daftari kama hilo hugharimu kidogo kuliko kipuri chochote nilichokitaja hapa. Nanyi wanafunzi, mkiona doa chini ya motokaa ya shule, ombeni ruhusa kwa mwalimu anayehusika, mpate katoni, kitambaa cheupe na tochi, mkaanze kutoka juu.